Kutoka Kifungilo hadi Soko la Kanda: Namna Mazao ya Lushoto Yanavyoweza Kuongezewa Thamani

Kifungilo, katika milima ya Usambara Magharibi wilayani Lushoto, Mkoa wa Tanga, inafahamika na Watanzania wengi kwa shule yake ya sekondari ya wasichana. Kwa wafanyabiashara wa mboga na matunda, eneo hilo pamoja na vijiji vingine vya milimani ni chanzo cha chakula cha miji. Ubaridi wa milima, pamoja na mvua za vuli na masika, huwezesha kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, mapeasi, plamsi na mafyulisi kustawi katika mashamba madogo yaliyo kwenye miteremko. Mzigo hushuka kwa barabara yenye kona nyingi kupitia Soni hadi Mombo, umbali wa takribani kilomita 33 kutoka mjini Lushoto, kisha huelekea Tanga, Dar es Salaam na hata ng'ambo ya mpaka nchini Kenya.

Sehemu kubwa ya mzigo huo huondoka shambani ukiwa mbichi, bila kupangwa kwa madaraja na mara nyingi bila kupimwa kwa mizani. Kuanzia hapo, kila anayeuosha, kuuchambua, kuufungasha, kuusindika au kuuwekea nembo hupata sehemu yake ya bei ya mwisho, na mkulima hubaki na ile ya kwanza ambayo kwa kawaida ndiyo ndogo. Makala haya yanaeleza maana ya mnyororo wa thamani wa kikanda, nafasi ya mazao ya Lushoto katika mnyororo huo, na taratibu ambazo mwananchi anapaswa kuzifahamu ili auze zaidi ya zao ghafi.

Maana ya mnyororo wa thamani

Mnyororo wa thamani ni mfululizo wa shughuli zote zinazolitoa zao au bidhaa kwenye mbegu hadi kwa mlaji: uzalishaji, uvunaji, ukusanyaji, usindikaji, ufungashaji, usafirishaji, uthibitishaji wa ubora na uuzaji. Kuongeza thamani ni kufanya jambo lolote katika mfululizo huo ambalo mnunuzi yuko tayari kulilipia. Kiwanda ni njia mojawapo tu. Karoti iliyooshwa, ikapangwa kwa ukubwa na kufungashwa katika kreti imeongezewa thamani hata kama haikupita kwenye mashine yoyote.

Mnyororo huitwa wa kikanda pale hatua zake zinapogawanyika katika nchi jirani zinazofanya biashara kwa masharti ya pamoja. Tunda linaweza kutoka Tanzania, sukari ikatoka nchi nyingine mwanachama, na bidhaa iliyokamilika ikauzwa katika nchi ya tatu. Faida ya mpangilio huu ni kwamba nchi moja hailazimiki kumiliki kila hatua ili iuze bidhaa iliyokamilika. Hata hivyo, nchi au wilaya inayobaki katika hatua ya kwanza pekee huendelea kupokea kipato cha hatua ya kwanza, hata biashara ya kanda inapokua.

Historia ya milima iliyosafirisha ghafi

Uchumi wa Usambara uliunganishwa na masoko ya mbali mapema kuliko maeneo mengi ya nchi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, ikapita Mombo, chini ya milima ya Lushoto, na kufika Moshi mwaka 1911. Katika kipindi hicho hicho, mbao za mwerezi kutoka misitu ya Shume zilishushwa kwa njia ya waya hadi Mkumbara, ambako zilipakiwa kwenye treni. Katika nyanda zilizo chini ya milima, mashamba ya mkonge yalizalisha nyuzi kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo. Miundombinu hiyo ilijengwa kwa lengo la kushusha mali hadi bandarini, na kazi yenye faida kubwa zaidi ilifanyika baada ya meli kuondoka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilikuta ua hilo katika Usambara na kupeleka mbegu zake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Wafugaji wa maua wa Ulaya na Marekani waliendelea kulichanganya na kupata rangi na maumbo mengi, hadi likawa miongoni mwa maua ya ndani yanayouzwa zaidi duniani. Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara, lakini biashara yake ilijengwa kwenye mabanda ya kuoteshea maua ya nchi nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai wa mwaka 1992, unaozitaka nchi kugawana kwa haki manufaa yatokanayo na rasilimali za viumbe, ulikuja karne nzima baadaye.

Funzo la historia hiyo ni kwamba asili ya mali peke yake haimhakikishii mwenye mali kipato. Kipato hufuata ujuzi, kiwango cha ubora na jina la bidhaa.

Chai: kiwanda ndicho soko la mkulima

Zao linaloonesha kwa uwazi uzito wa usindikaji katika Usambara ni chai. Jani bichi la chai haliwezi kusubiri bei nzuri. Likishachumwa linapaswa kufika kiwandani siku hiyo hiyo ili linyaushwe, lisagwe, lichachuke, likaushwe na kupangwa kwa madaraja. Zinahitajika takribani kilo nne hadi tano za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Kwa sababu hiyo, mkulima asiye na kiwanda karibu hana soko, hata kama bei ya chai duniani imepanda.

Wakulima wa Bumbuli wanalifahamu jambo hilo kwa uzoefu. Kiwanda cha Chai Mponde kilisimamisha uzalishaji mwaka 2013 kufuatia mgogoro baina ya wakulima na uendeshaji wa wakati huo. Mchai usiochumwa hurefuka na kuwa mti, na kuurejesha katika hali ya kuchumwa kunahitaji kuukata na kusubiri uchipue upya. Kaya iliyotegemea malipo ya majani hupoteza kipato cha sasa na cha msimu unaofuata pia. Serikali ilikirejesha kiwanda hicho mikononi mwake mwaka 2016, na baadaye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wakaingia katika jitihada za kukifufua. Tukio la Mponde linaonesha kwamba uongezaji wa thamani unategemea pia uhusiano wa kuaminiana kati ya mkulima na msindikaji, ikiwemo mizani ya uhakika, malipo ya wakati na mikataba inayoeleweka kwa pande zote.

Chai kavu nayo si mwisho wa mnyororo. Kwa miongo mingi, chai nyingi ya Tanzania inayouzwa kwa mnada imepita Mombasa, ambako mnada ulioanza mwaka 1956 hukusanya chai ya nchi kadhaa za Afrika. Huko chai za nchi mbalimbali huuzwa kwa wingi, na nyingi huchanganywa na kufungashwa kwa nembo za wanunuzi. Huo ni mnyororo wa kikanda unaofanya kazi, lakini mzalishaji wa Usambara huingia humo akiwa muuzaji wa mali ya kuchanganywa na wengine. Mwezi Novemba 2023 Tanzania ilianzisha mnada wake wa chai jijini Dar es Salaam, hatua inayolenga kupunguza gharama za kusafirisha chai kwenda kuuzwa nje na kuvutia shughuli za uchanganyaji na ufungashaji hapa nchini.

Mboga na matunda: thamani huanzia kwenye mizani

Kwa mkulima wa mboga wa Kifungilo, hatua ya kwanza ya kuongeza thamani ni kupima. Ujazo wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba, umekatazwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo (WMA) unasisitiza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hesabu yake ni nyepesi. Mkulima anayeuza magunia 10 yaliyojazwa hadi kilo 130 kila moja, kwa bei ya gunia la kilo 100, ametoa kilo 300 bila malipo. Hizo ni sawa na magunia matatu kamili, au kilo 23 katika kila kilo 100 alizovuna. Hakuna usindikaji unaoweza kufidia hasara hiyo iwapo itaendelea kila msimu.

Hatua ya pili ni kupanga mazao kwa madaraja. Mnunuzi wa hoteli, duka kubwa au soko la nje hulipia ulinganifu, kwa maana ya ukubwa mmoja, ukomavu mmoja na ubora usiobadilika. Nyanya zilizochanganywa katika tenga moja, mbichi kwa mbivu na nzima kwa zilizopasuka, hupewa bei ya zile dhaifu. Hatua ya tatu ni vifungashio na ubaridi. Nyanya inayosafiri usiku kucha katika tenga lililobebeshwa mengine juu yake hufika sokoni ikiwa imepondeka. Kreti za plastiki zinazopangika bila kugandamiza mzigo hupunguza upotevu huo. Chumba cha ubaridi karibu na eneo la kukusanyia mazao humpa mkulima siku chache za ziada, na mara nyingi siku hizo ndizo zinazomwezesha kukataa bei ya kutupa siku ya gulio.

Usindikaji hufuata baada ya hatua hizo. Milima ya Lushoto ina uzoefu wa muda mrefu katika eneo hili. Taasisi za kidini za Irente na Sakharani zimejulikana kwa miaka mingi kwa bidhaa kama jibini, jamu, mvinyo na karanga za makadamia, zinazotumia malighafi ya milimani na kununuliwa na wakazi pamoja na wageni. Uzoefu huo unathibitisha kwamba ujuzi na malighafi vipo wilayani. Kinachobaki kuwa kigumu ni kuzalisha kwa kiasi kikubwa, kwa ubora ule ule, mwaka mzima.

Wananchi wanaotaka kuanza usindikaji wanapaswa kuzingatia kwamba si kila zao hufaidika kwa kusindikwa. Jamu inahitaji sukari, chupa, vifuniko, nishati na lebo. Iwapo gharama hizo ni kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya tunda bichi na jamu, ni afadhali kuuza tunda zuri lililopangwa kwa daraja. Usindikaji huleta faida zaidi kwa matunda yaliyo salama lakini yenye umbo au ukubwa usiokubalika sokoni, na katika wiki za mavuno mengi ambapo bei ya tunda bichi huanguka.

Soko la kanda na kanuni ya uasili wa bidhaa

Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), iliyoundwa upya kwa mkataba wa mwaka 1999, ilianza kutekeleza Umoja wa Forodha mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Kwa sasa ina nchi wanachama nane: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Bidhaa inayotambuliwa kuwa na asili ya nchi mwanachama huvuka mpaka wa ndani bila kutozwa ushuru wa forodha.

Utambuzi huo huongozwa na Kanuni za Uasili wa Bidhaa. Mazao yaliyolimwa na kuvunwa nchini, kama mapeasi ya Lushoto, yana asili ya Tanzania moja kwa moja. Bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi za nje hupata asili ya Tanzania iwapo imebadilishwa kwa kiwango kinachotakiwa na kanuni. Aidha, malighafi yenye asili ya nchi nyingine mwanachama huhesabiwa kana kwamba imetoka katika nchi inayotengeneza bidhaa. Kwa hiyo, jamu ya Lushoto iliyotumia sukari ya Uganda haipotezi sifa yake. Kifungu hiki ndicho msingi wa mnyororo wa thamani wa kikanda, kwa kuwa kinamruhusu mzalishaji mdogo kununua asichonacho kwa jirani bila kupoteza haki ya kuuza kwa jirani mwingine.

Mfumo wa ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya nao umepangwa kwa mwelekeo huo. Malighafi hutozwa asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10 na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 kuna kundi la nne la asilimia 35 kwa bidhaa zilizokamilika ambazo kanda inaweza kujitosheleza. Anayesindika ndani ya Jumuiya anakuwa na nafasi ya ushindani ambayo muuzaji wa zao ghafi hanufaiki nayo kwa kiasi hicho.

Kwa upana zaidi, Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika (AfCFTA) ulitiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018, na Bunge la Tanzania liliuridhia Septemba 2021. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za kwanza katika mpango wa majaribio wa biashara chini ya mkataba huo ulioanza Oktoba 2022.

Kwa masoko ya mbali, ushuru mara nyingi si kikwazo kikuu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unaziruhusu nchi zenye maendeleo madogo kabisa, Tanzania ikiwemo, kuingiza bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru wala ukomo wa kiasi. Kinachozuia mizigo mingi ni viwango vya usalama wa chakula, mabaki ya viuatilifu, wadudu wa karantini na kushindwa kufuatilia mzigo hadi shambani ulikotoka. Parachichi la Tanzania liliruhusiwa kuingia China baada ya makubaliano ya masharti ya afya ya mimea yaliyotiwa saini Novemba 2022, na masharti hayo humfikia mkulima mmoja mmoja shambani kwake.

Nafasi ya kijiografia ya Mkoa wa Tanga ni faida nyingine. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Horohoro kinaiunganisha Tanga na pwani ya Kenya, na Bandari ya Tanga imeongezewa kina hadi mita 13, hivyo meli kubwa zinaweza kutia nanga gatini.

Taratibu ambazo mwananchi anapaswa kuzifahamu

Kwanza, kujiunga. Shamba dogo la mteremkoni haliwezi kujaza lori la daraja moja la karoti. Vyama vya ushirika vya msingi, vinavyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, huwawezesha wakulima kukusanya mazao pamoja, kumiliki mizani yao na kuingia mikataba na wanunuzi.

Pili, mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyotaka kununua mizani, kreti au vifaa vya kusindika vinapaswa kuwasiliana na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Tatu, uthibitishaji. Tangu mwaka 2019 usajili na udhibiti wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho inayomwezesha mjasiriamali mdogo kuanza safari ya kupata alama ya ubora ya TBS kwa utaratibu wa nafuu. Bidhaa inayolenga maduka makubwa huhitaji pia msimbomilia. Bidhaa zilizosajiliwa kupitia GS1 Tanzania huanza na namba 620.

Nne, afya ya mimea. Mazao yanayovuka mpaka yanahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mkulima anashauriwa kuweka kumbukumbu za dawa alizopulizia na tarehe zake, kwa kuwa kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wake pale mzigo unapohojiwa.

Tano, cheti cha uasili. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya Dola za Marekani 2,000, ulio katika orodha iliyokubaliwa ya bidhaa za Jumuiya, anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachopatikana mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, lakini hakiondoi kodi za ndani wala ukaguzi wa afya na ubora.

Jambo la kuzingatia

Kupanuka kwa soko la kanda hakumfikishi mkulima wa Kifungilo sokoni moja kwa moja. Mpaka uliofunguliwa humruhusu muuzaji wa Lushoto kuvuka, na humruhusu pia mshindani wake kuingia. Atakayenufaika ni yule anayefika akiwa na uzito uliopimwa, daraja linalojulikana, kifungashio kinachofaa na cheti kinachotambulika. Hatua hizo zinafuatana, na iliyo ya awali huwa ndiyo ya gharama ndogo. Kikundi kinachoanza kwa kununua mizani na kukataa lumbesa kimekwisha kuingia katika uongezaji wa thamani, na kina msingi wa kufikiria mashine baadaye.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi zaidi wanashauriwa kufika katika ofisi za halmashauri zao, hususan idara za kilimo, ushirika na biashara, au kuwasiliana na ofisi za SIDO, TBS, TPHPA na Wakala wa Vipimo zilizo karibu nao.